Dirisha Jipya Katika Nchi ya Mvua ya Mawe

Bonasi ya majani chai inapoingia kwenye akaunti za wakulima wa Kericho na Bomet, kwa kawaida kuelekea mwezi wa Oktoba, madeni ya dukani hulipwa kwanza, karo ya Januari hutengwa, na kinachobaki huelekezwa kwenye nyumba. Zamani kilichobaki kilikuwa cha kununulia mabati. Sasa nyumba nyingi zina mabati, saruji na stima, kwa hiyo macho ya mwenye nyumba yamehamia kwenye madirisha: yale ya chuma yaliyotiwa miaka ya 1980 au 1990, yenye kutu pembeni, puti iliyopasuka na kipini kisichoshika mpaka kifungwe kwa waya. Jirani amekwisha kutia madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, yenye vioo vya rangi ya shaba, na ukiwa barabarani unaiona nyumba yake kama imejengwa jana.

Fundi huitwa, hupima, hutaja bei, hulipwa nusu. Baada ya wiki moja au mbili anarudi na greinda na pikipiki iliyobeba fremu, na siku hiyo hiyo madirisha ya zamani yanaegemezwa ukutani yakisubiri mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Katika shughuli yote hiyo watu huongea sana kuhusu rangi ya kioo. Ni wachache wanaouliza maji yatapita wapi na hewa itapita wapi, ilhali katika nchi ya chai hayo ndiyo maswali mawili ambayo dirisha litajibu kila siku ya uhai wake.

Mji wa Kericho uko katika mwinuko wa takriban mita 2,000, na mashamba yaliyo upande wa msitu wa Mau yanapanda zaidi ya hapo. Maeneo ya juu ya chai hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Asubuhi huwa kweupe. Kufikia saa saba au saa nane mchana, hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Viktoria imekwisha kupanda milima, mawingu yamejaa, na mvua inaanza. Huko Konoin, upande wa Bomet, pale Mogogosiek na Kapset, hali ni hiyo hiyo. Ukishuka kuelekea Chepalungu nchi inakuwa kavu na yenye joto, na mengi yanayosemwa hapa kuhusu maji yanapungua uzito. Ndiyo maana ushauri wa fundi wa Nairobi, hata awe hodari vipi, haupaswi kuchukuliwa mzima mzima.

Kisha kuna mvua ya mawe. Wataalamu wa hali ya hewa wanazihesabu nyanda za Kericho na Nandi miongoni mwa mahali panapopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Katika miaka ya 1960 mashirika ya chai yalisumbuka nayo kiasi cha kukodi ndege zilizorushwa hadi kwenye mawingu na kuyatia iodidi ya fedha, kwa matumaini kwamba mawe yangeanguka yakiwa madogo. Mkulima anaihesabu hasara yake kwa majani yaliyochanika. Mwenye nyumba anaihesabu kwa vioo, hasa upande mmoja wa nyumba, ule unaotazamana na upepo wa dhoruba. Upande huo haujifichi: ni ule ambao ukuta wake una ukungu wa kijani hadi kiunoni na matone ya udongo mwekundu yaliyoruka kutoka chini. Kabla ya kumpigia simu fundi, mtu azunguke nyumba yake mara moja na autambue ukuta huo. Madirisha yake hayafai kununuliwa kwa kipimo kimoja na ya kuta nyingine.

Madirisha ya chuma yanayong'olewa leo yana historia ndefu. Mwaka 1884 familia ya Crittall, wenye duka la vyuma mjini Braintree, Uingereza, ilianza kutengeneza madirisha ya chuma, na mtindo huo ukaenea katika makoloni pamoja na ofisi za serikali, shule, hospitali na nyumba za mameneja. Mafundi wa Kenya waliuchukua, wakaurahisisha na kuufanya wao. Vyuma vyembamba vyenye umbo la herufi Z na T hukatwa, huchomelewa, hutiwa bawaba, kisha kioo huwekwa kwa puti. Karakana yoyote ya jua kali kati ya Kapsoit na Sotik inaweza kutengeneza dirisha la namna hiyo kwa mashine ya kuchomelea na meza iliyonyooka.

Juu ya dirisha hilo kuna kitu ambacho watu wengi wamekizoea hata hawakioni tena. Ni ukanda wa urefu wa kiganja hivi, wenye vipande vya bati vilivyolala mshazari na wavu wa mbu kwa ndani. Haufungwi. Hauna kipini. Usiku wa Julai, baridi ikipenya hapo, wengine huuziba kwa magazeti au gunia. Ukanda huo haukuwekwa kwa urembo: kanuni za ujenzi za 1968, ambazo halmashauri za Kenya zilizitumia kwa miongo mingi, zilitilia mkazo kwamba chumba anachoishi mtu kiwe na njia ya hewa ya kudumu, isiyotegemea mtu kukumbuka kufungua dirisha.

Dirisha la aluminiamu la kuteleza, kama linavyouzwa katika maduka mengi, halina ukanda huo. Fremu inajaza nafasi yote kutoka kizingitini hadi kwenye linta, raba na brashi zinaziba kila upenyo, na silikoni inamalizia pembeni. Chumba kinakuwa kimya, kisicho na vumbi wala ubaridi. Mwenye nyumba anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini usiku huo huo, halijoto ikishuka hadi nyuzi 10 au chini yake, kuna familia itakayoingiza jiko la makaa chumbani ili mtoto mchanga au nyanya apate joto, kama ilivyofanya miaka yote.

Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu aliyelala haamki kukohoa kama anavyoamshwa na moshi, anazidi kulala. Kwa miaka mingi, ule ukanda wa bati usiofungika umekuwa ukiipunguza gesi hiyo katika nyumba ambazo hazikujua kwamba zinapunguziwa. Ukiuondoa na kuacha desturi ya jiko ilivyo, umebadilisha chumba kwa namna ambayo rangi ya kioo haiwezi kuonyesha. Na isemwe wazi: hata ukanda ukiwepo, jiko la makaa halifai kubaki katika chumba ambacho mtu amelala. Kazi ya ukanda ni kupunguza madhara ya siku ambayo mtu amesahau.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuandikwa kwenye oda ya madirisha mapya, kabla ya rangi na kabla ya unene wa kioo, ni hewa ya kudumu. Kuna njia mbili zinazofanya kazi vizuri. Moja ni kumwambia fundi agawanye fremu: sehemu ya chini iwe ya kuteleza, na juu yake pawe na ukanda wa vipande vya aluminiamu vilivyolala mshazari, na wavu ndani, usiofungika. Karakana zinazokata aluminiamu hujua kuutengeneza. Hazifanyi kwa sababu haziambiwi. Njia ya pili ni kutoboa ukuta juu ya linta na kuweka matofali ya hewa, jambo ambalo ni rahisi zaidi kabla ya plasta mpya kupigwa. Vyote viwili viwe juu, karibu na dari, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Hewa ya kuingia itapata njia chini ya mlango. Zaidi ya jiko, chumba kinachopumua ni kinga dhidi ya kifua kikuu, ugonjwa ambao wahudumu wa afya wa kijijini wamekuwa wakiwahimiza watu kuukabili kwa kufungua madirisha.

Uingereza yenyewe ilikuwa na dirisha la kuteleza muda mrefu kabla ya aluminiamu. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 nyumba za London zilitiwa madirisha ya mbao yenye vipande viwili vinavyopanda na kushuka, kila kimoja kikishikiliwa na kamba, roda na uzito wa chuma uliofichwa ndani ya fremu. Kipande cha juu kikishushwa kidogo na cha chini kikipandishwa kidogo, hewa yenye joto na pumzi za watu hutoka juu, na hewa safi huingia chini, hata mvua ikinyesha. Dirisha la Kericho huteleza kwa ubavu, na halina uwezo huo. Likifunguliwa sentimita tano, limeacha upenyo wa sentimita tano kutoka chini hadi juu, na mvua ya upepo inaingia kwa urefu wote. Hivyo mtu hulifunga kabisa saa nane mchana na halifunguliwi tena mpaka kesho yake. Dirisha la zamani la bawaba, hasa kile kidirisha kidogo cha juu kinachosukumwa nje, liliweza kuachwa wazi kidogo mvua ikipita juu yake kama inavyopita juu ya mwavuli.

Hesabu ya ufunguzi nayo ni muhimu. Dirisha la kuteleza la vipande viwili halifunguki zaidi ya nusu. La futi 5 kwa 4 lina futi 20 za mraba za mwanga, lakini hewa inapata futi 10 au pungufu. La vipande vitatu kwenye reli mbili hufungua theluthi moja tu. Anayetaka theluthi mbili aagize reli tatu, na kizingiti chake kiwe kipana. Kwa sebule yenye madirisha mawili katika kuta mbili hilo si tatizo. Kwa jiko la kupikia linalotumia kuni, ni tatizo kubwa, na busara ni kuacha dirisha la bawaba pale pale, hata kama nyumba yote itabadilishwa.

Sasa maji. Watu wengi hudhani dirisha zuri la kuteleza ni lile lisiloruhusu tone kuingia kwenye reli yake. Halipo. Reli ya chini ni mfereji. Mvua ikipiga kioo, maji hutiririka na kuingia humo, na fremu imetengenezwa ikilitegemea hilo. Kwenye uso wa nje wa fremu, chini kabisa, kunapaswa kuwa na matundu membamba yenye umbo la kidonge, angalau mawili, ambayo maji hutokea. Upande wa ndani wa reli una ukingo ulioinuka kuliko wa nje, ili maji yakijaa yamwagike nje kabla ya kumwagika ndani. Dhoruba ikisukuma kwa nguvu, urefu wa ukingo huo ndio unaoamua kama zulia litaloa. Fremu za bei ya chini mara nyingi zina ukingo mfupi, na tofauti hiyo inaonekana kwa macho: mnunuzi aombe vipande viwili vya fremu tofauti, aviweke sambamba mezani, alinganishe.

Kipimo cha kweli hugharimu jagi moja la maji. Dirisha likishafungwa ukutani na silikoni ikikauka, mtu asimame ndani, afungue kipande kimoja, amimine maji polepole kwenye reli, kisha atoke nje aangalie. Maji yanapaswa kutoka kwenye matundu na kudondoka mbele ya ukuta. Yakibaki yamesimama kwenye reli, matundu yamezibwa. Yakitokea kwenye plasta chini ya kizingiti, fremu inavuja kwenye pembe. Yakirudi ndani, basi fremu imewekwa kinyume au imelala kuelekea ndani. Makosa haya matatu ndiyo yanayorudiwa sana, na chanzo chake mara nyingi ni mgawanyo wa kazi: anayeleta aluminiamu si anayepiga plasta, na yule wa plasta anapomalizia pembeni hupaka saruji juu ya matundu bila kujua yana kazi gani. Fundi wa aluminiamu naye akiona uwazi anamwaga silikoni. Matundu hayo yaonyeshwe kwa wote wawili, kwa kidole, kabla hawajaanza.

Chini ya fremu, kizingiti cha nje kiwe kimeinama kuelekea nje, kitokeze mbele ya ukuta kwa sentimita chache, na kwenye uso wake wa chini pachorwe kijimfereji cha kina cha kidole kidogo. Bila kijimfereji hicho, maji hupinda, hufuata chini ya kizingiti hadi ukutani, na baada ya misimu michache doa jeusi hutokea chini ya kila dirisha. Ni kazi ya dakika chache saruji ikiwa mbichi. Ikishakauka, ni kazi ya patasi.

Hata dirisha lililowekwa vizuri litaonekana kuvuja asubuhi. Aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara tatu ya chuma na zaidi ya mara elfu moja ya mbao, kwa hiyo usiku fremu inakuwa baridi kama hewa ya nje, na pumzi za watu wanne waliolala zinapoigusa hugeuka matone. Matone hushuka, hukusanyika kizingitini, hulowesha pazia, na baadaye ukungu mweusi hushika pembe za ukuta. Tofauti kati ya jasho la namna hiyo na uvujaji ni rahisi kuijua. Maji yakionekana asubuhi kavu yenye baridi ambapo haikunyesha tangu jana, ni jasho, na dawa yake ni hewa. Yakionekana jioni baada ya mvua, ni uvujaji, na dawa yake ni fundi. Kuna nyumba zimekwisha kutumia mirija mingi ya silikoni kutibu jasho.

Ulaya hutibu jambo hilo kwa vioo viwili vyenye nafasi kati yao. Kwa nyumba ya kawaida ya mkulima wa Kericho gharama hiyo haina haja. Baridi hapa inaumiza lakini haigandishi. Pesa hizo zitumike kwenye unene wa kioo. Kioo cha milimita 3 bado kinauzwa sana kwa sababu ni nafuu, na kwa kidirisha kidogo cha choo kinatosha. Kwa kipande kikubwa cha dirisha la kuteleza, ambacho hakina vyuma vya kukigawa katikati kama dirisha la zamani, milimita 5 ndiyo iwe chini kabisa, na kwenye ule ukuta unaopigwa na dhoruba, 6. Panapokuwa na kioo kinachoshuka hadi sakafuni, kiwe kile kilichoimarishwa kwa moto, ambacho kikivunjika hugeuka chembe butu, au cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, ambacho hupasuka kikabaki mahali pake. Watoto hukimbia ndani ya nyumba mvua ikinyesha, na katika nchi hii hunyesha sana.

Lakini ngao bora dhidi ya mvua ya mawe haiuzwi na muuza madirisha. Ni upenu. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, lililobuniwa na kampuni ya wasanifu ya John McAslan na kufunguliwa mwaka 2015, linafundisha hilo kwa kila anayepita. Paa lake la vigae huanza juu na kushuka chini sana pembeni, na chini ya kingo zake kuna ujia uliofunikwa na milango ya mbao inayofunguka kuelekea milimani. Mvua ikinyesha milango inaweza kubaki wazi, kwa sababu maji hayafiki pale. Nyumba nyingi mpya za mawe zinazojengwa kando ya barabara zimefanya kinyume: ukuta umepandishwa ukalificha paa, upenu umetoweka kwa sababu mtindo ni huo, na madirisha yamesimama uchi mbele ya dhoruba. Mtu anayebadilisha mabati na madirisha kwa pamoja akiongeza sentimita 60 za upenu amelinda vioo, plasta, rangi na kizingiti kwa mpigo mmoja. Ni matumizi bora kuliko dirisha lolote la bei ghali.

Mbao nazo zina wafuasi wao, na wana sababu. Fremu ya mbao haitoi jasho, ni ya joto mkononi, na ikichakaa hurekebishwa kipande kwa kipande. Shida ni mbao zenyewe. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na kwa miaka iliyofuata mbao nzuri zilipanda bei na nyingine kuletwa kutoka nchi jirani. Kinachopatikana kwa wingi karibu na mashamba ya chai ni mkaratusi, uliopandwa kwa ajili ya kuni za kukaushia majani viwandani. Kwa kuni na nguzo ni mti mzuri. Kwa dirisha, ukiwa haujakauka sawasawa, utajipinda na kupasuka kabla ya mwaka kuisha. Msaiprasi uliokaushwa kivulini kwa miezi hufaa zaidi, mradi upakwe rangi pande zote sita, pamoja na ncha zilizokatwa, ambako maji huingia haraka. Na hata hapo, mwenye nyumba ategemee kuuparua kidogo Aprili unapovimba na kukwama. Dirisha la kuteleza la mbao, katika unyevu wa Konoin, halishauriwi. La bawaba, ndiyo.

Kabla ya yote hayo kuna chaguo ambalo halina anayelitangaza, kwa sababu faida yake haiendi kwa muuzaji: kulitengeneza dirisha la chuma lililopo. Kericho ni mji wa mafundi tangu zamani. Gurdwara yake maarufu, hekalu la Masingasinga, inamkumbuka Sant Baba Puran Singh, ambaye alifanya kazi ya ufundi katika karakana ya Kericho Wagon Works, na ujuzi wa chuma haujaondoka mjini. Dirisha lenye kutu kwa kawaida limeoza sehemu moja tu, kipande cha chini, ambako puti ilipasuka na maji yakakaa nyuma yake. Fundi anakitoa kioo, anakata kipande kilichooza, anachomelea kipya, anasugua chuma chote kwa brashi ya waya na msasa hadi king'ae, kisha anapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kabla ya ukungu wa jioni kukigusa.

Puti mpya ndiyo inayotaka subira. Iachwe wiki moja au zaidi mpaka ijitengenezee ngozi, halafu ipakwe rangi, na rangi ivuke puti iguse kioo kwa upana wa uzi mnene. Mstari huo mwembamba wa rangi juu ya kioo ndio unaozuia maji kupenya. Wapakaji wengi huukwangua kwa wembe ili kioo kionekane safi, na hapo wameurudisha mlango ambao kutu iliingilia mara ya kwanza. Bawaba zikitiwa mafuta na kipini kikabadilishwa, dirisha hilo litafanya kazi miaka mingine mingi, na ukanda wake wa hewa ungali juu yake.

Dirisha linapobadilishwa, swali la grili huja mara moja. Dirisha la kuteleza halichomozi nje wala ndani, kwa hiyo grili inaweza kukaa upande wowote, na wengi huona hiyo ni faida. Ni faida kweli kwa mwizi aliye nje. Kwa aliye ndani nyumba ikiwaka moto, grili isiyofunguka ni ukuta. Kenya ililipa bei kubwa kulijua hilo: wasichana 26 walikufa katika bweni la Bombolulu huko Pwani mwaka 1998, na wavulana 67 huko Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, madirisha yakiwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa mwaka 2008 ukaagiza madirisha ya mabweni yasiwe na grili na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Hakuna mwongozo unaomfuata mtu hadi chumbani kwake, na hali ya usalama haimruhusu kila mmoja kuishi bila vyuma. Lakini kila chumba cha kulala kinaweza kuwa na grili moja yenye bawaba na kufuli, ufunguo ukining'inia mahali ambapo mtoto wa darasa la nne anaufikia gizani. Hilo likiagizwa pamoja na madirisha, nyongeza ya bei ni ndogo.

Kuhusu upimaji, nyumba za zamani hazina nafasi ya dirisha iliyonyooka, hata zile za mawe ya kuchonga. Upana upimwe mara tatu, juu, katikati na chini. Kimo vivyo hivyo. Kisha kamba ivutwe kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Kipimo kidogo ndicho kinachofuatwa, na fremu ipunguzwe kama milimita 5 kila upande ili iwe na nafasi ya kupumua na kunyooshwa. Fremu iliyolazimishwa kwa nyundo itapinda, na rola zake zitakwama mwezi wa kwanza. Vipimo vichukuliwe na yule yule atakayekata, ili pasiwe na wa kusingiziwa.

Majira nayo yana neno. Pesa huingia Oktoba, lakini miezi mikavu zaidi ni Desemba hadi Februari, na plasta, rangi na silikoni hushika vizuri wakati huo. Anayeweza kuzihifadhi pesa zake miezi miwili hupata kazi bora kwa bei ile ile, ingawa karo ya Januari inazivizia pesa hizo hizo. Asiyeweza, aanze na ule ukuta wa dhoruba peke yake, madirisha mawili au matatu, na yaliyobaki yasubiri bonasi nyingine. Katika makubaliano na fundi, yaliyoandikwa hata kama ni kwenye ukurasa wa daftari la shule, itengwe sehemu ya malipo ambayo haitolewi siku ya kumaliza kazi. Inatolewa baada ya mvua kubwa ya kwanza, asubuhi yake, mwenye nyumba na fundi wakiwa wamesimama pamoja mbele ya kila dirisha wakipitisha mkono chini ya kizingiti.